Santuri Mbovu ya Babu Kishindo

Babu yetu alishona viatu wiki nzima, na Jumapili alipiga ngoma kubwa ya bendi. Barabarani alijulikana kama Kishindo. Nyumbani, bibi alisema, alikuwa mpole mpaka kuku walimpanda kichwani.

Siku waliyokuja watu wa kurekodi santuri, bendi ilijazwa katika chumba kimoja, matarumbeta yote yakielekea pembe ya bati iliyonasa sauti. Babu akapiga ngoma mara moja tu, sindano iliyochora sauti kwenye santuri ikaruka. Wakamsogeza ukutani, ikaruka tena. Mwishowe wakamkalisha mlangoni na kumwambia asipige kabisa. Na viatu alikuwa amevitia soli mpya kwa ajili ya siku ile, maskini! Akabaki ameipakata ngoma yake kama mtoto.

Wapigaji walionywa kwamba muziki ukiisha, mtu asitoe hata pumzi mpaka sindano iinuliwe. Babu, kwa kuwa hapigi, alidhani onyo halimhusu. Muziki ulipokoma tu, akauliza, "Jamani, tumemaliza?"

Ikabidi warudie upya. Ile iliyoharibika wakampa yeye, na wenzake wakamtania hadi anaingia kaburini. Babu alifariki wakati shangazi yangu, kitinda mimba wake, akiwa bado anabebwa mgongoni.

Shangazi aliitunza santuri ile maisha yake yote bila ya kuwa na gramafoni. Picha ya baba yake anayo, ila sauti hakuwahi kuijua. Sasa sikio moja limeziba kabisa, na la pili liko njiani. Ndipo nikahangaika mpaka nikampata fundi redio mwenye gramafoni nzima.

Fundi aliigeuza santuri kwenye mwanga. "Ina ufa, mama. Nikiipiga naweza kuivunja. Niiache?"

"Ipige tu, mwanangu. Akiba haiozi, lakini masikio yangu yanaoza."

Ikakwaruza, kisha matarumbeta yakaja kwa mbali. Ngoma hakuna. Shangazi aliinamia pembe ya gramafoni kwa sikio lake lililobaki, mkono wangu ameubana mpaka unauma. Nilimshukuru Mungu kwa ile sindano iliyokataa ngoma, na kwa babu aliyeshindwa kufunga mdomo.

Muziki ukakoma. Ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, yenye haraka kidogo ya kurudi nyumbani.

"Jamani, tumemaliza?"

"Bado, baba," shangazi akamjibu, machozi yakimtoka, na kumwashiria fundi airudishe sindano mwanzo.