Shamba la Mrenda Nyuma ya Bafu

Mrenda, mboga yetu ya majani yenye utelezi, ukichemka kwa maji ya majivu hutoa harufu ya kumfanya mgeni afungue dirisha. Mimi hufunga. Nataka ibaki ndani nikae nayo, maana nikiinusa tu narudi Nyeri, kwenye laini ya polisi, makazi ya askari, miaka ile ya tisini, na hasira zangu zote za darasa la nne.

Baba alikuwa konstebo. Tulitolewa Bungoma tukaletwa kwenye baridi ile, tukapewa chumba kimoja cha mabati, na hapo tukakwama. Kila mwaka Baba aliomba likizo twende nyumbani, na kila mwaka akaambiwa angoje. Juu ya barabara walikaa wakubwa, kwenye nyumba za mawe zenye plamu na matunda damu yaliyoiva hadi yakaozea kwenye nyasi. Sisi wa chini tuliruhusiwa kuyatazama. Nyuma yetu, ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, yalianza mashamba ya wenyeji Wakikuyu, viazi na kabichi mpaka macho yachoke. Basi kwetu ilikuwa kabichi Jumatatu, kabichi Jumanne, na Jumapili kabichi iliyotiwa nyanya. Jamani, kabichi!

Mama aliposhika mimba, kabichi ikamkataa kabisa. Alitaka mrenda, na soko zima hapakuwa na mtu aliyeuza mrenda. Mama yake akamtumia mbegu kutoka nyumbani, zimefungwa kwenye pembe ya leso. Kwenye laini hatukuruhusiwa kulima, ila mkubwa wa kambi alifumbia macho kipande kilichokuwa nyuma ya bafu, ukubwa wake kama mlango. Mama akazipanda zote.

Mrenda haupendi baridi. Kila jioni aliufunika kwa magunia, kila asubuhi akaufunua, huku akiusemesha kwa Kibukusu.

"Nikijifungua nitakula huu," aliniambia. "Hata kama hawatupi likizo, nitasikia niko kwetu."

Alipopelekwa hospitali, mrenda ulikuwa umenifika magotini. Siku iliyofuata nilitoka shule nikamkuta Mama Wanjiku nyuma ya bafu, ameinama. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya ua, aliyetuuzia maziwa.

"Mama Wanjiku, hiyo ni mboga!"

"Hii?" Akacheka, akaing'oa na mizizi yake. "Ati mboga! Hii ni magugu, Nekesa wangu. Nataka mama yako akirudi apate shamba safi."

Nikamshika mkono, akadhani nacheza. Nikalia, akadhani namlilia mama. Akanipangusa machozi kwa vidole vyenye udongo, kisha akaendelea mpaka mmea wa mwisho. Rundo lote akawapelekea ng'ombe wake.

Mama alirudi kesho yake, mtoto mikononi mwa shangazi aliyekuja kumsaidia. Nilikimbia nimwambie kabla hajaona, lakini Mama Wanjiku alishafika na sufuria ya njahi, maharagwe yao meusi, zilizopondwa na ndizi, chakula wanachompikia mwanamke aliyejifungua. Akamshika Mama mkono, akampeleka moja kwa moja nyuma ya bafu.

"Ona, Mama Nekesa! Shamba yako ilikuwa imejaa takataka. Sasa nitakuletea miche ya kabichi."

Mama aliutazama ule udongo mtupu. Nilingoja apige kelele. Nilitaka sana apige kelele.

"Asante, Mama Wanjiku," akasema. "Umenisaidia sana."

Akaingia ndani, akaketi kitandani, akala njahi, machozi yakimdondokea kwenye sahani.

"Ni furaha ya mtoto," Mama Wanjiku akaninong'oneza.

Nilimkasirikia Mama kwa miaka mingi. Nilidhani alikuwa mwoga, kwamba mtu wa kuja akishazoea kunyamaza hawezi tena hata kuitetea mboga yake.

Kisha nami nikajifungua, kwenye ghorofa ya tano mtaa wa wenye nafasi zao, ambako majirani hujuana kwa magari. Mrenda ulikuwa kwenye friji, umefungwa vizuri na supamaketi. Siku nzima nililala nikisikiliza milango ya watu ikifunguka na kufungwa. Kwangu hakuna aliyebisha hodi. Nilitamani njahi, mimi niliyekuwa nikizichukia, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile Mama aliimaliza sahani yote.