Vipande vya Kopo Ndani ya Kaplingi

Nilisema "imekubali", na haikuwa imekubali. Kosa langu ni hilo. Mengine yote yalizaliwa humo. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nakuambia wewe unayesoma kwa kuwa hunijui sura.

Mimi ni fundi wa mitambo, Masasi. Ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru na maduka yetu yakaanza kujaa mitumba, redio na soda za kopo, nilikuwa tayari na jina. Nililipata wakati wa shida, spea zilipokuwa hazionekani. Gari likifa naliunga kwa waya, kwa ngozi, kwa bati, na linatembea. Watu walinisifu mpaka nikaamini kwamba kuunga ndio ufundi wenyewe.

Siku moja nikaitwa Newala. Kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kwenye mradi wa maji kilikuwa kimekufa mkono. Anayeijua Newala anajua maana ya maji kule juu: kinamama wanateremka bondeni alfajiri, wanapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali.

Ngoja nikueleze taratibu, maana usipokielewa chuma chenyewe hutaielewa dhambi yangu. Injini ya kijiko huzungusha pampu. Pampu husukuma oili, na oili ndiyo inayonyanyua mkono. Kati ya injini na pampu kuna kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye meno kwa ndani. Tunakiita kaplingi. Meno yakiisha, injini itanguruma utakavyo, lakini pampu haizunguki na mkono haunyanyuki. Umeona? Si jambo gumu.

Meno yale yalikuwa yamelainika kama sabuni iliyotumika. Dawa yake ni moja: kaplingi mpya. Na ilikuwa inapatikana! Hilo ndilo linaloniuma. Zamani ningesema sina njia. Safari hii ilikuwa ni kuagiza Dar na kungoja lori wiki mbili.

"Itabidi tungoje, fundi?" aliniuliza opereta. Nitamwita Chilumba, si jina lake.

Kabla sijajibu, mwanakijiji mmoja aliyekuwa akichimba kwa kujitolea akacheka. Nitamwita Baba Somoe.

"Huyu angoje? Huyu alilifikisha basi Masasi kwa mkanda wa suruali yake! Sisi tulikuwa ndani, na yeye alishuka kashikilia suruali!"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe akatua ndoo, akasema, "Tufanyie haraka, mwanangu. Shingo zimeshaingia mabegani."

Ningesema neno moja tu: "Bado." Sikulisema. Nilimtuma Chilumba akatafute oili. Alipoondoka, na wanakijiji wamerudi kwenye majembe yao, nikaokota kopo la soda, nikalikata vipande vyembamba kwa mkasi, nikavilaza katikati ya meno, nikaigonga kaplingi kwa nyundo mpaka ikabana.

Sisi mafundi tuna desturi. Neno "imekubali" halitamkwi mpaka mashine ibebe mzigo na oili ipate moto. Mimi niliunyanyua mkono mtupu mara tatu, nikapangusa mikono.

"Imekubali!"

Jamani, walinipigia vigelegele! Mimi!

Chilumba peke yake aliinamisha kichwa. "Fundi, mbona nasikia kama inasaga?"

"Sikio lako limezeeka," nikamjibu mbele za watu. Wakamcheka.

Kesho yake nilikuwa bado pale, nasubiri usafiri wa kushuka Masasi. Chilumba alikuwa ameining'iniza kwa mnyororo, kwenye mkono wa kijiko, pete ya zege ya kujengea kingo za shimo. Baba Somoe alikuwa chini shimoni, anasawazisha mchanga. Pete ilipofika ukingoni, nikasikia krrr! Injini inanguruma, mkono umekufa. Na ile ilikuwa mashine ya zamani. Ikikosa pampu, mkono hushuka wenyewe. Ukashuka polepole, kama mtu anayesinzia. Pete ikagusa ukingo, ikainama, mnyororo ukachomoka. Ikatumbukia.

"Nyanyua! Chilumba, nyanyua!"

"Hainyanyuki!"

Iliangukia mguu wa Baba Somoe. Tuliisukuma kwa magogo na kamba mpaka jua likapinda. Baba Somoe hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama mimi. "Fundi," alisema, "fanya kitu." Katikati ya watu wote wale, alinichagua mimi!

Kule hospitali ya Ndanda waliokoa uhai wake. Mguu haukuokoleka.

Kama ningeishia hapo, labda ningelala usingizi. Watu walipoondoka kumsindikiza, nilibaki. Nikaifungua kaplingi, nikavitoa vile vipande, vimesagika, vinang'aa bado, nikavifukia mchangani. Msimamizi wa mradi alipouliza, nikasema opereta aliilazimisha mashine.

Chilumba akafukuzwa kazi. Alipita mbele yangu na begi lake.

"Kumbe ni sikio langu, fundi," akasema. Sijamwona tena.

Tangu siku ile, mtu akinisifu natoka nje. Nimewahi kuacha kazi katikati na kwenda kukaa nyuma ya karakana. Lakini kilichonishikisha kalamu ni Baba Somoe mwenyewe. Alikuja Masasi na gongo lake la kutembelea, mpira wa chini umeisha. Nikakata kipande cha tairi, nikakigongelea vizuri. Nilitaka kumwambia. Ulimi haukunyanyuka!

Akalichukua, akaliegemea kwa uzito wake wote. Akazunguka uwanja mara moja, akazunguka tena, akakanyaga penye mawe. Hakuwa na haraka. Ndipo akanigeukia akitabasamu.

"Imekubali, fundi."

Ole wangu! Alikuwa amefanya jaribio lile ambalo mimi sikulifanya.

Basi wewe kijana unayejifunza kazi hii, usiogope, kazi ni nzuri na utaiweza. Meno yakiisha, weka mpya. Kagua na meno ya shafti ya pampu, yale yanayoingia ndani ya kaplingi, yasije yakala ile mpya. Beba mzigo, ngoja oili ipate moto, ndipo useme. Wakikuharakisha, sema "bado". Watakasirika, na jioni watakuwa wamesahau. Mwenzako akisema inasaga, zima injini umsikilize. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine anayelibeba kosa lako.

Nakwenda Newala kwa Baba Somoe wiki hii. Safari hii nitasema.

Na wewe niliyekuita Chilumba, kama gazeti hili limekufikia huko uliko: sikio lako lilikuwa zima.