Keke na Komeo

Fundi ametoboa tundu moja tu, drili yake ya betri, yenye rangi za gari la watoto, ikazima. Sasa anachezea simu huku betri ikichajiwa, na mimi, mwenye shahada mbili na nisiyejua kupiga hata msumari, naisubiri pamoja naye. Mlango unanuka mbao iliyoungua.

Keke ya marehemu baba, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, haikuunguza kitu. Kule kwetu Uru, mama aliikandamiza kwa kifua, akazungusha taratibu, na maranda ya mbao ya mgrivea yakaniangukia miguuni yakiwa vuguvugu. Alikuwa anafunga komeo jipya mlangoni, kwa sababu tangu msiba baba mdogo alikuwa akiingia kwetu bila hodi, kama kwake.

Siku hiyo pia aliingia, akaketi na kata yake ya pombe ya mbege.

“Shemeji, unajitesa na hicho chuma cha kizamani! Mjini kuna mashine za umeme. Ngoja nikuletee.”

“Na umeme wenyewe utauleta kwenye kikapu?” mama aliuliza bila kugeuka.

Alikaza skrubu ya mwisho, akapuliza vumbi.

“Shemeji, hebu simama huko nje tulijaribu hili komeo.”

Baba mdogo alitoka na kata yake, bado anacheka. Komeo liliingia bila kelele.