Fundi Goti Hataki Viti Vinavyomeza Wazee

Saa moja kasoro asubuhi, fundi makochi amepiga magoti sakafuni, kichwa kimezama ndani ya kochi lililopinduliwa miguu juu. Anang'oa pini kwa koleo na kuzitupia kwenye kopo la rangi. Kitambaa cha chini kinaachia, vumbi linafumka, na nyuma ya vumbi vinadondoka kalamu, kifungo cha shati na kijiko cha chai.

"Unaona?" anasema akiinua kijiko. "Mwenye kochi hili alikuwa analishwa humu humu."

Kisha anasimama. Hashiki ukuta, haegemei goti, hagumii. Anasimama tu, kama mtu aliyeitwa. Ana umri wa miaka sitini na saba.

Mtaani wanamwita Fundi Goti. Jina hilo alilipata kwa mwanamke anayeshona vitambaa vya makochi kwenye kona ya karakana hiyo hiyo. Fundi haanzi kukata mbao za kiti cha mzee kabla mzee mwenyewe hajafika, akakalishwa kwenye kigoda, akapimwa kwa futi kutoka nyuma ya goti hadi kisigino.

"Mafundi wengine wanapima sebule," anasema mshonaji bila kuinua macho kwenye cherehani. "Huyu anapima magoti ya watu. Kuna siku mume wa mtu atampiga."

"Huyo mume wa mtu kunyanyuka hawezi," fundi anajibu. "Atanipigaje?"

Utani wao ni wa miaka mingi. Ila siku hizi fundi hacheki sana, na wateja wanalijua hilo kabla hata ya kusalimiana.

Saa tatu wanaingia ndugu wawili, kaka na dada, wamevaa vizuri, wana haraka. Baba yao ameacha kazi ya kuendesha malori na wanataka kumpa zawadi. Kaka anatoa simu na kuonyesha picha ya kochi la mtu mmoja: pana, la chini, laini, mikono yake minene kama mito.

"Mzee mwenyewe yuko wapi?" anauliza fundi.

"Nyumbani. Hatakiwi kujua, tunataka kumshtukiza."

"Anatembea?"

Ndugu wanatazamana. "Vizuri tu. Kila asubuhi anakwenda mwenyewe kununua gazeti."

"Basi mkimpa hiki, gazeti mtamnunulia nyinyi."

Dada anakunja uso. "Fundi, baba yetu amehangaika kwenye usukani maisha yake yote. Tunataka akae, apumzike. Au unataka tumpe benchi?"

"Maisha yake yote amekaa kwenye usukani, halafu zawadi yenu ni kukaa tena?"

Kaka anairudisha simu mfukoni. Anasema mafundi wamejaa mjini, na wanaondoka. Mshonaji anasimamisha cherehani.

"Hao ni wa pili wiki hii, shemeji. Jioni tutapika nini? Hasira zako?"

Fundi anachukua kipande cha sponji, anakiminya kwa kiganja, na maelezo yanamtoka kwa sauti ya mtu aliyeyarudia mara nyingi bila kusikilizwa. Kochi la chini na laini linazamisha makalio, magoti yanapanda juu kuliko kiuno. Kijana anaruka tu. Mzee anajaribu, anashindwa, anasubiri mtu wa kumvuta. Akishazoea kuvutwa hajaribu tena, na mapaja yake yanalegea siku hadi siku mpaka hata choo kinakuwa safari.

"Halafu watu wanasema ni uzee," anasema. "Uzee gani? Wamemkalisha wenyewe, kwa fedha yao, na wakapiga picha."

Hasira hii ina kaburi. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alikuwa mwuza maziwa wa kutembeza. Alitembea kwa haraka, bega moja limeshuka kwa uzito wa ndoo, na watoto walimtambua kwa mbali kabla ya kumwona sura. Wanawe walipopata kazi nzuri walimchukua, wakamwekea msichana wa kazi, wakamkataza hata kuokota kikombe. Mama amechoka, walisema, na walisema kwa mapenzi.

"Nilikwenda kumtembelea, nikamkuta amefungwa kwa heshima," fundi anasema. "Kila akitaka kuinuka, wanamwambia kaa, mama. Kaa, mama. Alikaa. Mara ya mwisho nilipomwona wima alikuwa amebebwa na watu wawili kwapani. Alikufa mtu aliyekuwa na miguu kuliko sisi wote."

Anaiweka sponji chini.

Sasa jambo lile lile linamkaribia mkewe, na hilo ndilo lililomwamsha mapema leo. Chini ya turubai, nyuma ya karakana, kuna kiti alichokimaliza jana: cha mbao ngumu, kimo cha goti la mtu mmoja tu, sponji kavu isiyozama, mikono mirefu inayofika mbele ili kiganja kipate mahali pa kusukuma.

Mkewe, mpishi wa shule mwenye miaka sitini na tatu, aliteleza jikoni kazini akavunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Alipasuliwa na upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kutoka hospitali waliambiwa neno moja: akapumzike. Kwa kuwa yeye na mumewe wanaishi ghorofa ya pili, alipelekwa kwa binti yao, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Huu ni mwezi wa tano.

"Hakuna aliyetuambia mapumziko yanaisha lini," fundi anasema, na hapa anagonga meza. "Dawa waliandika, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Kutembea hawakuandika!"

Hospitali hiyo ina chumba cha mazoezi. Fundi amekiona: kimejaa vitanda vibovu hadi dirishani. Mtaalamu wa mazoezi huja Alhamisi tu, na foleni yake hufika kwenye geti. Mara tatu walimpeleka mgonjwa kwa teksi, kila safari ikila mapato ya fundi ya siku mbili, na mara tatu waliambiwa warudi wiki ijayo. Binti akachoka. Mgonjwa akachoka zaidi.

Wiki mbili zilizopita fundi alikwenda peke yake, picha ya mfupa mkononi, akamvizia mtaalamu mlangoni kabla hajaanza kazi. Mtaalamu aliitazama picha kwenye mwanga na kusema mfupa umeunga vizuri kabisa.

"Akaniuliza, mama anatembea umbali gani? Nikamwambia hasimami. Akashtuka. Akasema alitakiwa kusimama tangu wiki ile ile ya kwanza, nani aliwaambia alale? Nikamwambia, nyinyi."

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Kisha alimwelekeza, pale pale wamesimama, namna ya kumwanzisha: kiti cha juu chenye mikono imara, mtu mmoja karibu, haraka hapana.

Mchana fundi anakitwika kiti kichwani na kukipeleka kwa miguu. Kwa binti yake ni mwendo wa kutosha kulowesha shati. Haombi msaada.

Binti, mfanyakazi wa ofisi ya bima, yuko nyumbani kwa kuwa ni Jumamosi. Anafungua mlango, anamwona baba yake, anakiona kiti, na anabaki ameshika kitasa.

"Baba, tulishaongea."

"Uliongea wewe. Nipishe, mwanangu, kina uzito."

"Sebuleni pangu hakikai. Wageni wakimkuta mama kwenye kiti cha mbao watasema tunamtesa."

"Na wakimkuta hawezi kwenda chooni watasema nini?"

Sebuleni, mama mwenyewe amezama kwenye kochi la rangi ya maziwa, shuka magotini, rimoti pajani. Nyuma ya mlango imesimama fremu ya chuma ya kutembelea waliyopewa hospitali bila maelezo. Imeanikiwa taulo.

Binti anashusha sauti, lakini maneno yanatoka na machozi. "Akianguka tena, nani atambeba? Mimi. Namwogesha kabla sijaenda kazini, nakimbia mchana kuja kumgeuza. Wewe utakuwa karakana na magoti ya watu. Mimi ndiye niliyelala naye wodini nikamsikia analia, usiku wa siku ile aliyovunjika, Baba. Si wewe."

Fundi anakishusha kiti taratibu, na kwa mara ya kwanza leo anaonekana mzee.

"Mmemaliza?" sauti inatoka kwenye kochi. "Mimi sijafa, na mnanigawana kama urithi."

Wote wawili wanageuka.

"Hamjaniuliza. Daktari hakuniuliza, wewe mwanangu hukuniuliza, na wewe baba watoto umenijengea kiti hujaniuliza. Nimewapikia watoto mia nne kwa siku, leo naomba ruhusa ya kwenda msalani. Kileteni hicho kiti."

"Mama..."

"Kileteni. Na mnivute, mara hii ya mwisho."

Wanamvuta, kila mmoja upande wake, na wanamkalisha. Nyayo zake zinagusa sakafu sawasawa. Anaitazama miguu yake kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

Fundi anapiga magoti mbele yake. "Miguu irudi nyuma kidogo. Mikono hapa. Sasa pua mbele, mama watoto. Pua ipite magoti."

"Pua yangu inakuhusu nini?"

"Ukiipeleka mbele, makalio yanafuata."

"Haya maneno unawaambia wateja wa kike?"

Binti anacheka bila kutaka. Mama anasukuma. Anainuka kiasi cha kupitisha kiganja chini yake, anarudi kwa kishindo. Mkono wa binti unaruka kumdaka.

"Toa mkono," mama anasema. "Kaa karibu, lakini toa mkono."

Anajaribu tena, anarudi. Jasho linamtoka juu ya mdomo. Hakuna anayesema kaa, mama. Mara ya tatu anapeleka pua mbele, mikono yake inazisukuma mbao, magoti yanafunguka polepole, na anasimama.

Binti anaziba mdomo. Kwa miezi yote hii amekuwa akimtazama mama yake kutoka juu, akimwinamia kumlisha na kumfunga kanga. Alishasahau kwamba mama yake ni mrefu kuliko yeye.

"Mbona unalia?" mama anamuuliza. "Ondoa taulo zako kwenye kile chuma, unipe."

Siku hiyo wanakubaliana bila kuandikiana. Kiti kitabaki. Asubuhi binti atamsimamisha mama kabla ya kwenda kazini, jioni itakuwa zamu ya fundi, kila siku, na hakuna atakayemletea mama maji akiwa na uwezo wa kuyafuata. Fundi anasema hataiacha hospitali pia. Atarudi Alhamisi, na kila Alhamisi, kuuliza vitanda vibovu vinatolewa lini kwenye chumba cha mazoezi.

"Sitaki upendeleo," anasema. "Nataka wafungue mlango wa chumba chao wenyewe. Kwenye ile foleni kuna akina mama wangapi hawana mume fundi?"

Binti anamwambia naye angepumzika sasa, umri umekwenda.

"Mwanangu, nikikaa, naomba unifukuze kitini."

Jua linashuka anapoaga. Anafika mlangoni, anasikia nyuma yake chuma kinagonga sakafu, kinanyamaza, kinagonga tena. Mkewe anakuja, ameinama kwenye fremu, binti pembeni yake na mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake mwenyewe, isije ikamponyoka ikamshika mama.

"Unakwenda wapi?" fundi anauliza.

"Nakusindikiza. Tangu lini mgeni akaondoka peke yake nyumbani kwetu?"

"Mpaka wapi?"

"Leo hapa mlangoni." Anapumua, anaitazama njia ya saruji inayoelekea getini. "Kesho mpaka pale kwenye bomba. Tutakwenda hivyo hivyo. Siku nikikusindikiza hadi barabarani, baba watoto, usiniage. Sirudi ndani. Tutapanda wote ngazi zetu."