Salamu za Bibi kwa Pampu

Mimi si mtu wa maneno. Simu ikiita naiacha mpaka inyamaze, kisha naandika meseji: "Nimeona umepiga." Darasa la saba mwalimu aliwahi kuniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua. Nikanyamaza. Akamuuliza jirani yangu, akakosea, akachapwa. Mpaka leo jirani yule hanisalimii, na kwa kweli hilo limenipunguzia kazi.

Shule yangu iliishia darasa hilohilo. Baadaye nikaingia kwa fundi mmoja pale Ngokolo, Shinyanga, anayetengeneza redio, simu na vifaa vya sola. Kazi ilinifaa. Redio mbovu haiongei.

Anayeongea ni fundi mwenyewe. Wazo la boksi lilikuwa lake. Boksi ni la plastiki, na ndani lina kompyuta ndogo kuliko kiberiti, laini ya simu na swichi. Unalifunga kwenye pampu ya maji. Ukilitumia meseji yenye neno "washa", pampu inawaka, inafanya kazi kwa dakika ulizopanga, kisha inajizima yenyewe. Mwenye pampu hana haja ya kutembea mpaka kisimani.

Ile kompyuta ndogo inaendeshwa na programu ya lugha ya C. Fundi aliitoa mtandaoni, tukaibadilisha ifae pampu. C nilijifunza kwa kuangalia video huku sauti nimezima. Kiingereza changu ni kidogo, lakini C nayo ina maneno machache, na ukikosea haikucheki. Haikucheki kwa sababu mara nyingi haikwambii chochote.

Maboksi ya kwanza yalikwenda Geita, kwa wenye mashimo ya dhahabu, ambao hunyonya maji shimoni kabla watu hawajashuka. Hayakusumbua hata siku moja. Mchimbaji huandika "washa". Maji yakichelewa huandika "washa we mbwa". Boksi lilielewa zote mbili.

Kisha tukafunga boksi moja kwa bibi mmoja mfugaji, katika kijiji cha upande wa Bugarama. Mguu wake mmoja haukunjiki, na kisima kiko bondeni, mbali na zizi. Kisima chenyewe kinatoa maji taratibu. Pampu ikipitiliza muda inanyonya hewa, inapata moto, inaungua. Ndiyo maana tulipanga dakika. Pampu ya kwanza iliungua hata hivyo.

Bibi ana mtoto wa kiume anayefanya biashara Buseresere. Huyo ndiye aliyenunua pampu ya pili, akampigia fundi wangu simu. Fundi aliweka sauti kubwa, wote tukasikia.

"Sikiliza, fundi. Lambo la kijiji limekauka. Hii pampu ikiungua nakuja na lori, napakia ng'ombe wote. Huku kwangu maji yapo."

"Na mama?"

"Mama atawafuata ng'ombe wake."

Wiki haikuisha bibi akapiga. Pampu ilikuwa imegoma kujizima, jirani akasikia inalia vibaya, akachomoa waya. Mtoto wake ameshapata habari, amesema Jumamosi anakuja na lori. Fundi alikuwa na kikao cha harusi, na yeye ndiye msemaji wa kamati. Akanituma mimi.

Nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za huko utokako?"

"Nzuri."

"Baba na mama?"

"Wazima."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hatuna ng'ombe, bibi. Tunakaa mjini."

Akaniangalia kwa huruma. "Pole, baba."

Akasubiri. Ilikuwa zamu yangu ya kuuliza habari za hapo, na zilikuwa nyingi, nilimwona amezipanga usoni. Nikauliza kama naweza kuliona boksi.

"Yule mwenzako mnene ana mdomo," akasema. "Wewe mdomo wako uko wapi?"

"Nimekuja na laptopu, bibi."

Siku ile nilikagua waya zote. Zilikuwa salama. Nilibadilisha swichi, ingawa haikuwa na kosa. Kisha nikatuma "washa" kwa simu yangu. Pampu ikawaka, maji yakapanda mpaka kwenye hori la ng'ombe, na muda ulipofika ikazima. Nikarudia, ikazima tena.

"Wewe inakutii," bibi akasema. "Mimi inanifanyia kiburi."

Nikamwomba kesho yake aiwashe yeye mwenyewe, nione.

Asubuhi alikaa kwenye kigoda chake akashika simu. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na kila neno alilitamka kwanza kwa midomo bila sauti. Mimi pia ni mwandishi wa polepole, kwa hiyo sikuona shida. Chai yangu ilipoa. Ya kwake pia. Mwishowe nikauliza kama amepotewa na neno "washa".

"Nitafika huko," akasema.

Nilimwomba nisome kabla hajatuma. Aliandika hivi, akianza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma:

"Mwangaluka. Umeamkaje huko kisimani. Sisi tumeamka wazima ila yule ng'ombe wa pembe iliyopinda bado anakohoa. Mgeni amelala salama, haongei. Washa maji."

Nikamrudishia simu. Nikashuka bondeni nikasimama karibu na waya, kisha nikampungia mkono atume.

Pampu ikawaka. Muda ulipofika haikuzima. Nilisubiri kidogo, kwa adabu, mpaka ikaanza kukoroma. Nikachomoa waya nikaigusa. Ilikuwa na joto la chungu kinachotoka mekoni.

Nilielewa nikiwa nimeinama pale pale, na nitajaribu kueleza, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kunywesha ng'ombe ataelewa pia. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mahori yaliyopangwa mstari mmoja, moja limegusana na lingine. Kila kitu kina hori lake. Meseji inayoingia inamiminwa kwenye hori lake, ambalo mafundi wanaliita bafa. Fundi wangu alilipima kwa kumfikiria mchimbaji wa Geita, tena akadhani ameacha nafasi kubwa. Hori la jirani lilikuwa la ile namba ya dakika. Sasa lugha ya C, ukiiambia mimina, inamimina. Haiangalii hori limejaa. Kinachozidi kinaingia kwa jirani na kufuta kilichokuwamo.

Salamu za bibi zilijaza hori la meseji mpaka karibu na habari za mgonjwa. Kikohozi kikamwagikia kwenye dakika, na programu ikaendelea kusoma mpaka ikalikuta neno "washa". Na kwa kompyuta, herufi ni namba tu. Ilisoma kikohozi kile kama idadi ya dakika, ikapata namba kubwa sana, ikaitii. Pampu ilikuwa inafanya kazi kwa mujibu wa afya ya ng'ombe. Siku ambazo hakuna mgonjwa wala mgeni, meseji ilikuwa fupi na pampu ilizima vizuri.

Nikampigia fundi. Sijawahi kumpigia.

"Umepiga?" akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Bibi anaisalimia."

"Anaisalimia nini?"

"Pampu."

Nyuma yake nilisikia kamati ya harusi ikibishana kuhusu viti.

"Mwambie aache," fundi akasema, akakata.

Kumwambia mtu mzima aache kusalimia si kazi ya kumpa mtu kama mimi. Nilizunguka zizi kwanza. Ng'ombe wa pembe iliyopinda akanikoholea. Nikarudi kwa bibi.

"Bibi, ukiandika 'washa' peke yake, pampu haitasumbua."

"Washa, basi?"

"Basi."

"Niamke asubuhi nimwambie mtu 'washa', kama polisi?"

"Si mtu, bibi. Ni boksi."

"Lina namba ya simu."

Nikaona nirekebishe programu, maana bibi hakuwa na dalili ya kurekebishika.

Ilikuwa Ijumaa. Nilichomeka laptopu kwenye sola ya nyumbani kwake nikaanza. Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: kabla ya kumimina, pima. Niliandika kwamba programu ichukue herufi zinazotosha kwenye hori tu, iache nafasi moja ya alama ya mwisho, inayoonyesha meseji imekwisha, zilizobaki izitupe. Tukajaribu kwa meseji ileile ya asubuhi. Hakuna kilichomwagika. Dakika zilibaki salama. Pampu nayo ilibaki kimya.

"Sasa amenuna kabisa," bibi akasema.

Neno "washa" lilikuwa mwishoni mwa meseji. Nilikuwa nimelitupa pamoja na yaliyozidi. Programu yangu sasa ilikuwa salama kama shimo lililofukiwa.

Kuna njia nyingine ya haraka, ya kutengeneza hori kubwa tu na kuondoka. Niliifikiria. Lakini nilikuwa nimekaa na bibi siku mbili, na nilijua hakuna hori ambalo asingeweza kulijaza. Kwa hiyo nilifanya polepole. Hori la meseji nililiongeza litoshe meseji nzima ya simu pamoja na alama yake ya mwisho. Meseji ikiwa ndefu zaidi, simu huigawa yenyewe vipande. Nikaandika kwamba kila kipande kisomwe kivyake, na "washa" itafutwe kote, hata kama imekatikia katikati ya vipande viwili. Kila mahali palipokuwa na agizo la kumimina, nililazimisha ukubwa wa hori utajwe palepale, na kinachozidi kikataliwe. Na dakika zikionekana nyingi kuliko kisima kinavyoweza kutoa, pampu izime bila kuuliza. Hilo la mwisho niliweka kwa sababu sikujiamini.

Jumamosi lori lilifika kabla sijamaliza kuweka programu kwenye boksi. Mtoto wa bibi alishuka, mtu mkubwa mwenye kofia, akaja moja kwa moja nilipo.

"Wewe ndiye unayeniunguzia pampu?"

"Msalimie kwanza," bibi akasema.

"Mama, nina haraka. Dereva ana mzigo mwingine jioni."

"Buseresere mnasalimiana mkiwa mnatembea. Hapa simama."

Akasimama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiangalia pembeni, akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Bibi akaridhika na sisi wote wawili kwa kiasi.

"Mama, ng'ombe wanywe wapi?" mtoto akasema, sasa kwa upole. "Mimi sikunyang'anyi. Lakini sitaki nije nikute wamelala chini."

"Wanakunywa hapahapa. Huyu bubu ametengeneza."

"Ametengeneza?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Tujaribu."

Bibi akashika simu. Aliandika muda mrefu kuliko siku zote, maana habari zilikuwa zimeongezeka: mwanawe amefika, amekuja na lori, amenenepa, dereva hajala. Dereva aliegemea lori akasinzia. Mtoto wa bibi alikuwa anakwenda na kurudi kati ya zizi na lori, kamba begani. Bibi alipotuma, simu ilionyesha kwamba ujumbe umegawanyika.

Pampu ikawaka. Maji yakapanda mpaka kwenye hori, ng'ombe wakasogea. Mtoto wa bibi akanishika mkono tukashuka bondeni pamoja, bila kuongea, jambo lililonifurahisha. Tulisimama juu ya ile pampu kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa anaangalia saa. Mimi nilikuwa naangalia waya.

Pampu ikanyamaza.

"Imezima au imeungua?" akauliza.

Nikaigusa. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Akaigusa na yeye, kwa kiganja chote, akakiacha hapo muda.

"Tuma tena," akamwambia mamaye kwa simu.

"Nimeshaisalimia leo," bibi akasema.

"Basi iulizie habari za mchana."

Bibi akaiulizia, kwa kirefu. Ikawaka, ikazima. Tulipanda juu. Mtoto wa bibi akasimama mbele ya zizi na kamba yake, akamwangalia mama yake, kisha lori.

"Nitamchukua yule anayekohoa," akasema. "Nikampeleke kwa daktari wa mifugo."

"Huyo mchukue. Akipona umrudishe."

Wakampakia. Lori zima liliondoka na ng'ombe mmoja, amesimama katikati, akikohoa. Dereva hakuwa na furaha, lakini alikuwa ameshakula.

Nilianza kufunga laptopu yangu. Bibi alikuwa bado anaangalia simu.

"Imenisikia," akasema. "Mbona haiitikii?"

"Haijapangwa kuitikia, bibi."

"Nimeisalimia tangu masika."

Nikafungua laptopu tena. Kazi hiyo ilichukua muda, kwa sababu meseji inayotoka nayo inahitaji hori lake, nalo nililipima kwanza. Zaidi ya hapo, nilikaa nikitafuta la kusema. Jua lilikuwa limeinama nilipomaliza, bibi akasema nilale, niondoke kesho.

Asubuhi akaandika salamu zake, akatuma. Maji yalipoanza kupanda, simu yake ikalia. Akavaa miwani akasoma:

"Mwangaluka. Nzima. Maji yanakuja."

Akaigeuza simu nyuma, kama vile meseji inaendelea upande wa pili.

"Basi?"

"Basi, bibi."

"Nani ameifundisha kuongea?"

"Mimi."

"Inaonekana," akasema, akaenda kunywesha ng'ombe.