Debe Yenye Tundu ya Papa Mwepu

Kama unafungula hii kusudi ucheke, basi cheka mbele, maliza, kisha ikala chini tusemezane. Haiko hadisi. Haiko bongo, haiko uongo. Ilinipata mimi, na macho yangu mbili, mchana, na bantu batatu batakuambia sawasawa na mimi hata ukibauliza mumoja mumoja.

Na ujue mbele ni nani anakusemesha. Shule yangu ilisimama ku mwaka ya ine ya primaire, na ile siku ilisimama sikulia. Nilianzia Kasumbalesa, kubeba magunia katikati ya makamio, malori ya mupaka, mpaka mabega yangu ikakomaa sawa ngozi ya kiboko. Hakuna muyomba, hakuna padri, hakuna mukubwa wa biro aliyenishika mukono. Leo, ukishaacha Ruashi nyuma na kushika barabara ya Kasenga, uliza muntu yeyote: fasi ya mwenye farasi ni wapi? Atakuonyesha na kidole bila kuwaza. Farasi sita, mwenzangu! Bibi-arusi wa Ruashi asipopanda farasi yangu, bantu banasema ile ndoa haikufanyika. Nilibebesha hata bibi-arusi moja, akishuka, farasi ikapumua sawa muntu aliyetoka kwa dokta. Muntu sawa mimi atatunga bongo ya nini? Jina niko nayo tayari.

Basi, sikiliza.

Nilikuwa na mukubwa wa travay, musimamizi wa kazi, Papa Mwepu. Muluba wa kaskazini, baba yake alifanyaka kazi ku shemindefere, ku reli, bote bakatoliki ba kweli, ba rozari mu mufuko. Farasi zangu, mimi njo nilizinunua, lakini zilikuwa zake. Akitaka zirudi kutoka kule chini mu dembo, ile fasi ya majani na matope nyuma ya kiwanja, hakupiga miluzi, hakukimbia. Alichukua debe ya kulishia, akaipiga na kijiti: ko, ko... anapumzika kidogo... ko. Ile ya tatu, farasi zote zinainua kichwa. Kisha anageuka, anaenda mbele yao bila kuangalia nyuma hata kidogo. Zinamufuata sawa batoto ba komunyo.

Alikufa mwisho ya kipwa, mbele ya mvula kuanza. Kifua. Tulimuzika muzuri, kilio ilikuwa kwangu, na nilichinja. Unajua desturi: kintu ya kazi ya mufu tunaitia juu ya malalo yake, kaburi, lakini tunaitoboa mbele, kusudi mwizi asiione faida. Ni mimi mwenyewe nilichukua ile debe, nikaitoboa chini na musumari mukubwa, mbele ya bantu bote. Nikaipiga mara moja kusudi nisikie. Loo, sauti ilikuwa imeharibika! Haikusema tena "ko". Ilisema "khwe", sawa muzee anakohoa. Mutoto wake Fidele, muntu muzima mwenye ndevu na batoto bane, anafanyaka kazi kwangu naye, aliisikia na akalia upya. Ile sauti uiweke mu kichwa. Tutaihitaji.

Nikanunua debe ya mupya, nikaitundika ku musumari, ndani ya ekurie, nyumba ya farasi, juu ya mulango. Farasi ziliikubali, lakini na kiburi.

Sasa, ile siku. Saa za mchana, chakula hakijashuka vizuri mu tumbo. Upande wa Kasomeno mbingu ikakuwa myeusi sawa matako ya chungu. Upepo ukasimama kabisa. Bandege bakanyamaza. Mimi ninajua mvula, ninaonaka mvula tangu kuzaliwa, lakini ile haikukuwa mvula, ilikuwa muntu anakuya kudai kitu chake.

Nikapiga kelele: "Ingizeni farasi! Fungeni!"

Tuliingia bote mu ekurie. Mimi, Fidele, Kabwe mwenye kinywa mingi, na Mutombo asiyesemaka kitu, bote bafanyakazi bangu. Farasi sita kila moja mu fasi yake. Niliteremusha mbao kubwa ya kufungia mulango. Ile ekurie nilijenga mwenyewe, tofali ya kuchoma, mbao ya muti mugumu, bamason, mafundi ba tofali ba muji muzima, balikuya kuishangaa. Nikawaambia: "Nyumba yangu hii, hata shetani atagonga mbele ya kuingia."

Kabwe akajibu: "Patron, leo usimutaje, atasikia anwani."

Tulicheka. Kisha mvula ikashuka, na hatukusikia tena kicheko yetu. Mabati ikapiga kelele sawa mashini ya kusaga mawe. Upepo ulisukuma ukuta, ukuta ukasukuma upepo. Radi ilipiga mara moja upande wa barabara, nikaona meno ya Mutombo yote, na Mutombo haonyeshaka meno.

Ni pale. Katikati ya ile kelele, tukasikia.

Khwe, khwe... khwe.

Utaniuliza: kwa ile mvula, ulisikia namna gani? Mimi vile ninajiuliza mpaka leo. Haikupita juu ya kelele. Ilipita chini yake, sawa muntu anayepita chini ya meza.

Kabwe akasema: "Mwizi wa makapi ya mahindi anatuchezea!"

"Mwizi gani anaibaka na hii mvula, weye?" nikamujibu.

Kabwe akainua macho. Debe ya mupya ilikuwa palepale ku musumari yake, juu ya kichwa yetu, kimya. Khwe, khwe... khwe. Sasa farasi zote zilikuwa zimeinua kichwa, masikio mbele, upande mumoja, upande wa dembo.

Fidele akafungula kinywa: "Ile ni ba..."

Kabwe alimurukia, akamufunika kinywa na mukono yote. "Nyamaza! Unataka kumufuata? Uko na batoto bane!"

Weye unayesoma, kama ulilelewa muzuri, unajua sababu. Mufu akikuita, hauitike. Ukiitika, mwaka haimaliziki ukiwa muzima. Mama yangu alinifundisha ile mbele ya kunifundisha kula. Basi tulinyamaza. Lakini farasi, nani alizifundisha?

Bijou, jike yangu ya kwanza, ile inabebaka mabibi-arusi, ikapiga mbao ya fasi yake teke moja na kuivunja. Ikatoka mpaka ku mulango mukubwa. Zingine nazo zikavunja, mbili, tatu, zote. Nikatia mugongo ku mulango, miguu mu majani. Nikaapa: hazitoki. Nikiachia farasi sita mu radi, miaka yangu yote ya mabega inakufia mu dembo. Bijou ikanisukuma na kifua yake. Na mimi nikasukuma Bijou. Niambie, ni nani mwingine mu hii muji alipigana na farasi na mugongo, na hakuanguka?

Pale mulango, mbao mbili zinaachana kidogo. Nikageuza kichwa, nikachungulia.

Alikuwa kule chini, mwanzo wa dembo. Bleu de travail yake, nguo ya bluu ya kazi, ile tulimuzika nayo. Kofia yake ya majani. Mvula ilipiga chini kuzunguka miguu yake mpaka matope inaruka, lakini ku kofia hakuna tone moja ilishuka. Hakuniangalia mimi. Hakuangalia mutoto wake. Aliangalia mulango, pale farasi inaweka kichwa ikitoka. Akapiga. Khwe, khwe... khwe. Kisha akageuka, akaanza kwenda, sawa vile alifanyaka siku zote, bila kuangalia nyuma.

Niliogopa, ndiyo. Lakini miye si muntu wa kusimama na woga mukononi sawa mugeni na kikapu. Nikawaza. Niliwaza mbio kuliko siku yoyote pa Kasumbalesa.

"Kabwe! Alitaja jina yako?"

"Hapana, patron! Mungu anisaidie!"

"Mutombo?"

Mutombo akatingisha kichwa.

"Fidele, yako?"

Fidele, machozi mpaka mu ndevu: "Hapana."

"Yangu vile hakutaja. Basi haite siye. Anaita farasi zake. Na farasi haina hiyo desturi." Nikashika mbao ya mulango na mikono mbili. "Kila mumoja ashike kamba ya farasi moja. Muntu asifungule kinywa! Hata akimuona baba yake, hata akimuona Papa Yesu. Siye hatumufuate mufu. Siye tunafuata farasi zetu. Munasikia?"

Nikainua mbao.

Sitakudanganya: hatukukimbia, tulichukuliwa. Farasi zilitoka sawa mayi ya barage, bwawa iliyopasuka. Kiatu yangu moja iliikala mu matope, na iko kule mpaka leo. Mutombo alianguka, farasi ikamukokota mu majani sawa gunia ya makala, hakuachia kamba. Tulifika mu dembo, na pale, pale kabisa, farasi zikasimama zenyewe, zote sita, kichwa chini.

Nyuma yetu mbingu ikapasuka. Radi ilipiga ile mukaliptusi mukubwa wa jirani, muti wa zamani, bantu bane hawauzunguke na mikono. Nikauona unainama pole, sawa muntu anatafuta kitu chini. Kisha ukalala juu ya ekurie yangu. Katikati. Mabati, mbao, tofali zangu za kuchoma, byote bikakuwa unga. Pale nilitia mugongo yangu, tawi iliingia chini ya udongo urefu ya muntu.

Hakuna muntu aliyekufa. Hakuna farasi iliyovunjika muguu. Mutombo alichubuka matako, njo ile tu.

Mvula ilipopunguka, tukaiona. Ilikuwa imesimama mu majani mbele ya Bijou. Debe. Nikaigeuza: tundu ya musumari yangu chini, nilijua kazi ya mukono yangu. Na ndani, makapi ya mahindi. Makavu, mwenzangu. Makavu sawa yametoka ku mashini ile saa. Bijou ikaingiza kinywa na kula, bila haraka, sawa kila siku.

Fidele akapiga magoti mu matope. Niliona kifua yake inajaa, niliona neno inapanda. Nikamuvamia, nikamubana kinywa.

"Asante nayo ni kuitika," nikamuambia mu sikio.

Tukaikala vile, mimi na yeye, mu matope, na asante yetu mu koo.

Sasa weye niambie. Mimi sikuwahi kusema asante kwa muntu, sababu hakuna muntu aliyenipa kitu. Na siku ninakuwa na asante kubwa sawa nyumba, ninakatazwa kuisema! Ile bei sikuiweza. Sikulala muzuri. Kesho yake tulirudisha debe ku malalo. Pale juu ya udongo, alama yake ya muviringo ilikuwa palepale, kavu katikati, na hakuna nyayo ya muntu ya kukuya wala ya kwenda. Tukaiweka mu alama yake. Tukatoka bila neno.

Kisha nikaenda kwa mujane wake, Mama Mwepu. Nilimukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimuelezea yote. Hakushangaa hata kidogo, akaendelea kutwanga.

"Yule muzee," akasema. "Nilimuambia apumzike, naye bado anaenda ku kazi ya bantu."

"Mama, nimushukuru namna gani?"

"Usimushukuru yeye, shefu. Ukimushukuru atarudi ku kazi, na alishachoka. Shukuru Mungu. Mungu njo atamupashia habari."

Basi, nilifanya sawa mimi ninafanyaka: kikubwa. Nililipia misa ya shukrani, na siku ya Mungu nikafika ku parokia na farasi zote sita, zimesuguliwa mpaka zinangaa, na Mutombo mbele anatembea vibaya sababu ya majeraha yake. Kabwe akamuambia: "Leo njo utasikiliza misa yote ukisimama, mukristu wa kweli!" Bamama ba koro, ba kwaya, balipiga vigelegele, batoto balisahau katesisimu. Padri alitoka na mayi ya baraka, akanyunyizia farasi moja moja, na Bijou ikaharibu kiwanja ya parokia mbele ya mulango kabisa. Padri alisema ile nayo ni sadaka. Ndani ya misa, mimi, muntu wa mabega, nilipiga magoti na kusema asante kwa kinywa yangu, kwa sauti, mara ya kwanza mu maisha. Kwa Mungu. Mungu anajua ilikuwa ya nani.

Nilijenga tena, mbali na muti yote, na ekurie ya leo ni muzuri kuliko ile. Kuya uone. Lakini mvula kubwa ikikuya, mulango wangu haufungwe na mbao tena. Na mangaribi, saa ya kulisha, Fidele njo anapigaka debe ya mupya. Anapiga mara mbili, anaacha. Farasi zinasimama kule mu dembo, zinangoja. Zinangoja kidogo. Kisha zote sita zinainua kichwa mara moja, na zinakuya.

Mimi sisikie kitu, na usiniulize kama Fidele anasikia.

Basi shika hii. Bakubwa balisema kweli: mufu akikuita, usiitike. Lakini mbele ya kufunga mulango, sikiliza muzuri ujue anaita nani. Na ukipita kwetu mangaribi, ukasikia mara mbili na kimya, usitusaidie. Hata kama uko na kijiti mukononi, hata kama unazionea farasi huruma. Usipige ya tatu. Iko na mwenyewe.