Pembe ya Kuazima

Nina kinyaa na neno "mvumbuzi". Wenzangu kazini wanajua. Mtu akilitamka kwenye kikao natoka nje kama niliyeitwa na mgonjwa. Halikuwa neno baya. Limechafukia mikononi mwetu, na mikono yangu imo.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni kusini, lakini nimekaa huku siku nyingi, kwanza Maretadu kule Mbulu, kisha nikahamishiwa Hanang, hata nikienda likizo nyumbani nalalamikia joto kama mgeni. Zahanati yetu iko uwandani, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Katesh, na wagonjwa wetu wengi ni wafugaji. Ugonjwa unaonipa kazi kuliko yote ni vikope. Jicho likiugua miaka mingi, ukingo wa kope unajikunja kwa ndani, na nywele zake zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Anayesubiri upasuaji tunamng'olea nywele hizo moja moja kwa kibano.

Kazi yenyewe inataka mikono mitatu: wa kugeuza kope, wa kibano, na wa kushika lenzi ya kukuzia. Zamani tulikuwa na lenzi ya kuvaa kichwani. Mkanda ukakatika, kasha likapasuka, ikabaki lenzi peke yake, kioo kitupu. Niliandika barua kuomba nyingine. Nikaandika ya pili. Nikajibiwa kwamba ombi langu linafanyiwa kazi, na mtumishi wa umma yeyote anajua maana yake.

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji, mtu mzima, ambaye nilimng'olea kope mwaka mzima. Siku moja kibano kiliteleza nikamfinya ngozi. Hakulalamika. Aliutazama mkono wangu kwa jicho lile lile linalotoka machozi, akaniuliza kama ni lazima kile kioo nikishike. Nikamwambia, mama, nisipokishika kitasimama na nini? Akajifunga shuka lake akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi na kipande cha pembe ya ng'ombe, urefu wa kidole. Mdomo mmoja alikuwa ameukata mshazari ili ukae juu ya mfupa wa shavu bila kuyumba. Ubavuni alitoboa mwanya wa kupitishia kibano. Upande wa juu alichonga ukingo mdogo wa kukalia lenzi, na mfukoni alikuwa na nta ya nyuki ya kuibandikia. Vipimo alivipata usoni kwake mwenyewe, kwa kisu, akijaribu na kukata, akijaribu na kukata. Nikaiweka shavuni kwake, nikaibana kwa kidole kile kile kilichogeuza kope, na kwa mara ya kwanza nikaziona zile nywele zimesimama wazi kama miche ya mahindi. Nilizimaliza zote bila kumuumiza.

Kasoro ilikuwa moja. Pembe ilikuwa ile aliyowekea ugoro wake, na harufu haikutoka hata kwa maji ya moto. Wagonjwa walipiga chafya. Tukazoea kusubiri chafya iishe ndipo kibano kiingie.

"Nakuazima," alisema siku ile. "Mpaka serikali ilete yako."

Nikacheka. Kiswahili si lugha yake ya kwanza, na mimi nina tabia mbaya ya kusahihisha watu. "Mama, hapo unasema nakupa. Ukisema kuazima, maana yake nitakurudishia."

"Nakuazima," akarudia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akanieleza kwamba pembe ile ni ya ng'ombe aliyepewa na baba yake siku anaolewa, na zizi lake lote limetoka kwa ng'ombe huyo. Nikasema sawa mama, asante sana. Kusema kweli sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naigeuzageuza ile pembe mkononi.

Mganga wetu mfawidhi, tunayemwita daktari, ni kijana, mdogo kwangu. Ananiita sista. Ana koti jeupe ambalo sijawahi kuliona na doa, na miaka miwili alikuwa akipita mlangoni kwangu ameziba pua, kwa sababu wagonjwa wa macho huja na nzi wao na harufu ya samli. Siku wageni kutoka mkoani walipoingia kwenye chumba changu na kuishangaa pembe, ndipo naye alipoingia. Mgeni mmoja akasema kifaa hiki kinaweza kupata hataza. Akatufafanulia kuwa hataza ni hati inayosema kitu fulani kimevumbuliwa na mtu fulani, na mwingine haruhusiwi kukitengeneza bila idhini yake. Kuanzia siku hiyo daktari alianza kuiita "pembe yetu".

Mtaalamu wa kujaza fomu alikuja na kompyuta yake, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Aliandika: kifaa cha macho chenye lenzi iliyofungwa ndani ya kasha. Akafika kwenye nafasi ya jina la mvumbuzi. Nikamtaja yule mama.

"Namba yake ya kitambulisho cha taifa?"

Hana. Aliandikishwa, akapigwa picha, kadi haikuja.

"Basi fomu itakwama," mtaalamu akasema. "Tuwaandike nyie mnaokitumia. Yeye tutamshukuru pembeni."

Daktari akaandika jina lake kwanza, la kwangu likafuata. Kalamu ikanijia. Nikasaini. Sikutishwa, sikuhongwa, sikulazimishwa na mtu. Nilisaini kwa sababu ilikuwa saa saba mchana na nilitaka kwenda kula. Kila nikikumbuka najiona mchafu.

Mtaalamu akaondoka na pembe kwenda ofisini kwake Babati, kama kielelezo, lenzi ikiwa ndani. Nikabaki na kibano na macho yangu mawili, nimejikunja juu ya wagonjwa hadi kiuno kinakufa ganzi. Yule mama alipokuja, nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akanyanyua uso nimtibu. Akasubiri. Kisha akauliza, "Pembe iko wapi?"

"Imesafiri kikazi, mama."

"Inapata posho?"

Tulicheka wote wawili. Mara ya pili aliuliza hakucheka. Mara ya tatu alisema tu kwamba zizi halijatulia, ndama wawili wamekufa, na angependa pembe irudi nyumbani. Nikamwambia inakuja. Nilimdanganya mtu aliyeniachia jicho lake wazi nilichokonoe.

Barua ya mkaguzi wa hataza ikafika. Lazima nimtendee haki yule mkaguzi nisiyemjua, kwani katika sakata hili lote yeye ndiye aliyesoma kwa makini. Aliandika kwamba lenzi ndani ya kasha si jambo jipya, dunia nzima inazo. Kubadilisha chuma kwa pembe nako hakutoshi, fundi yeyote angeweza kuliwaza hilo. Kinachoweza kuwa uvumbuzi ni ule mkato wa mshazari unaokaa shavuni pamoja na ule mwanya wa ubavuni. Kwa hiyo waombaji waeleze walifikaje kwenye wazo hilo, na walete mchoro unaoonyesha kasha kwa ndani.

Daktari akaniita ofisini. "Andika hivi, sista. Baada ya utafiti wa kina, timu ilibaini hitaji la mwanya."

"Timu ipi?"

"Ni lugha tu ya kitaalamu."

"Daktari, mwanya ule umekatwa na mama kwa kisu cha kuchunia ng'ombe."

"Sista, usitutie mkosi. Jina lako si limo?"

Limo. Nilimtazama vidole vyake safi vinavyogonga meza. Si yeye peke yake aliyenitia kinyaa. Alikuwa anaongea na mimi kama mwizi anavyoongea na mwizi mwenzake, na hakukosea.

Sikuiandika ile timu yake. Usiku wa deni haukawii kucha, nami sikuungoja. Mchana ule ule niliandika barua yangu kwa mkaguzi, nikaeleza mambo yalivyokuwa: nani alikata, alijipimia wapi, kwa nini jina lake halimo, na kwamba jina langu lifutwe. Niliituma kwa mkono wangu posta ya Katesh. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Babati kuifuata pembe.

Mtaalamu alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki, akaimimina mezani. Lenzi ilikuwa imefungwa kwenye karatasi laini, nzima kabisa. Pembe ilikuwa vipande viwili. Alikuwa ameipasua kwa msumeno wa chuma, katikati, juu hadi chini, apate kuchora ndani yake.

Nikamuuliza kwa nini hakununua pembe nyingine. Machinjioni zimetupwa hata mbwa hawazitaki.

"Mkaguzi anataka mchoro wa kielelezo halisi," akasema. "Ila michoro imetoka safi, dada. Uione."

Akaniwashia kompyuta. Kweli ilikuwa safi. Mistari, mishale, namba: moja ni kasha, mbili ni lenzi, tatu ni mwanya. Ule unga wa ugoro uliokuwa umegandia ndani ameufuta. Soda yake sikuinywa.

Hataza haijatoka na sijui kama itatoka. Daktari hanisemeshi isipokuwa kwa maandishi. Hayo yote nayamudu.

Jumamosi nilipanda pikipiki hadi bomani kwa yule mama. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: kwamba nimeandika barua, kwamba sasa mkaguzi anamjua, kwamba huenda siku moja jina lake litakaa kwenye hati. Nilimkuta amekaa kivulini mwa ukuta anakung'uta ngozi. Nikamsalimu, akaitikia, akaniletea kigoda. Nikayasema yote. Alisikiliza kwa adabu, macho yakimtoka machozi, maana ilikuwa imepita miezi tangu nimng'olee vizuri.

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa ile bahasha.

Akavitoa vile vipande kimoja kimoja. Akaviunganisha, akaviachia, vikatengana. Akakiweka kimoja puani akanusa, hakukuta kitu. Akavilaza viwili kwenye kiganja changu, kwa upole, kama unavyomrudishia mtu chenji aliyoizidisha.

"Nilikuazima moja," akasema.